Kumtetea Mgomvi wa Rågsved

Shemeji Deo, mpinzani wangu mpendwa,

“Marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Katika miaka yake yote hapa Stockholm, kalamu yake haikumkera hata mmoja wetu.”

Nimenukuu kwanza, kama tulivyokubaliana zamani. Maneno hayo ni ya Anselmi, mwenyekiti wa chama chetu. Aliyatamka siku ya kukuaga, na sasa ameyarudia kwenye dibaji ya kitabu ambacho kamati yake inataka kukichapisha kwa kumbukumbu yako. Nimeyanakili neno kwa neno, sikumpunguzia hata nukta. Haki yake nimempa. Sasa nampiga.

Uligombana, shemeji. Uligombana na mimi juma baada ya juma, mwaka baada ya mwaka, kwa maandishi, hadharani, huku watu wakinyang’anyana nakala mlangoni baada ya ibada. Uliniita bata mzinga wa Hallunda. Uliniita tarumbeta lililopotelewa na bendi yake. Uliandika kwamba siku nikifa, ulimi wangu utahitaji jeneza lake peke yake. Kama huko si kugombana, basi mimi sijui kugombana ni nini, na nusu ya maisha yangu nimeipoteza bure.

Kwetu Kigoma shemeji na shemeji ni watani, na msibani mtani ana kazi yake. Watu wakizidiwa na kilio, yeye ndiye husimama akamtania marehemu mpaka mjane mwenyewe acheke. Siku ile nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hadithi ya mbwa na ile ya pilau. Anselmi akashika kipaza sauti, akausifu upole wako mpaka nikageuka kutazama kama ni wewe kweli uliyelala pale, kisha akakizima. Kwa hiyo barua hii ndiyo utani wangu niliodhulumiwa. Naiacha wazi ili kila mtu aisome, na usiponijibu safari hii nitahesabu kwamba nimeshinda.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuja nyumbani kwetu kumposa dada yangu Stella, wewe mwalimu wa historia kutoka Burundi, mkimbizi, shati limepigwa pasi mpaka linang’aa. Nikakuuliza mbele ya wazazi, “Mwalimu asiye na shule ni mwalimu bado?” Baba akakohoa. Mama akaangalia dari. Wewe ukaweka kikombe chini taratibu, ukasema, “Na binti asiye na adabu, ni binti bado?” Baba akacheka kwanza, na mahari ikajadiliwa kwa wepesi ambao hakuna aliyeutegemea. Mpaka leo nasema Dada Stella namdai shukrani.

Miaka ikapita, mkapewa makazi huku, wewe na Dada Stella na Inesi wenu mdogo, mkaishi Rågsved. Mimi nikafuata baadaye, nikapata kazi kwenye jiko la shule na chumba Hallunda. Mstari wenu wa treni ni wa kijani, wetu mwekundu, na hata hilo tulilibishania.

Nchi hii ina desturi moja ninayoipenda kuliko zote. Watu wakitaka kujifunza jambo, lolote lile, kufuma vikapu au nyota za mbinguni, hukusanyika wachache, huandika majina, na hupewa chumba, kahawa na ruhusa ya kutumia mashine ya fotokopi. Wao huliita kundi hilo duara la masomo. Wewe ndiye uliyekuja na wazo kwamba nasi tuwe na duara letu, kwa Kiswahili, Warundi na Wakongo na Wanyarwanda na mimi Mtanzania wenu mmoja mwenye kelele. Tulidhani tutasoma historia ya kwetu. Ukaja na bahasha nene, ukamwaga mezani nakala za vijitabu vya habari vya Waingereza, vile vya kwanza kabisa, vya karne ya kumi na saba, walipokuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, Mfalme upande huu na Bunge upande ule.

Mama mmoja wa Bukavu akakuambia, “Mwalimu, sisi vita tumevikimbia kwa miguu. Unatuletea tena vya nani?”

Ukasema, “Vya watu wengine, mama. Vya watu wengine vinasomeka bila kulia.”

Na kweli vilisomeka. Ulitufundisha jinsi mahakama iliyokuwa ikiwabana wapiga chapa ilivyofutwa, na ghafla London nzima ikaanza kuandika. Karatasi moja, inakunjwa mara mbili, inakatwa, zinatoka kurasa nane: hicho ndicho kijitabu, na kila juma kinatoka kingine. Wino umevuja, herufi zimechakaa, na picha ile ile ya jeshi inatumika kwa mapigano ya kaskazini na ya kusini, maana imechongwa kwenye ubao, na nani atachonga nyingine? Mfalme alikuwa amehamia Oxford, na kijitabu chake kilipigwa chapa huko, kikaingizwa London kwa siri. Waliokiuza barabarani walikuwa wanawake, wengine wakikificha ndani ya nguo.

Nikapiga meza. “Mnaona? Bila sisi, huyo Mfalme nani angemsoma?”

“Na bila Mfalme,” ukasema, “ninyi mngekuwa na nini cha kuficha?”

Mama wa Bukavu alicheka mpaka akamwaga kahawa juu ya Bunge.

Kisha tukapiga kura ya njiti kugawana pande. Wewe ukaangukia kwa Mfalme, mimi kwa Bunge. “Kwetu wafalme tulishawamaliza,” ulilalamika, “na sasa nimtetee mmoja wa Wazungu!” Lakini ulifurahi, shemeji. Nilikuona ukifurahi. Ulijua mimi sitaishia kwenye zoezi.

Hapo ndipo Anselmi anapoingia, na nadhani anapakumbuka hapo kuliko sisi wote. Hata wakati ule alikuwa mwenyekiti, na alikuwa hajaitisha mkutano mkuu kwa muda mrefu sana. Aliona hauna haja. Nami nilikuwa nimetoka kusoma habari za Mfalme aliyetawala miaka mingi bila kuliita Bunge kwa sababu aliona halina haja. Ungefanya nini ungekuwa mimi? Nikaandika kijitabu. Waingereza wengi waliviita vijitabu vyao kwa jina la mjumbe wa miungu ya Kirumi, basi nami nikakiita changu Mjumbe wa Hallunda. Nikadai mkutano mkuu kwa kurasa nne, na nikauliza ni nani aliyeamua kwamba sherehe ya mwaka mpya lazima ifanyike Rågsved kila mwaka, karibu na mlango wa Mwenyekiti.

Jumapili iliyofuata kikatoka Mjumbe wa Rågsved. Neno lake la kwanza lilikuwa “Uongo!” Ulimtetea Anselmi kwa ufundi ambao haujapata kuonekana. Ulisema Mwenyekiti haitishi mkutano kwa huruma tu, kwa sababu anajua wanachama wanachoka. Ulisema sherehe iko Rågsved kwa sababu Mungu mwenyewe aliweka kituo cha treni pale. Anselmi alisoma utetezi wako akakosa pa kujificha. Mimi nilimshambulia tu. Wewe ulimsifu mpaka watu wakamcheka.

Na ruhusa je? Waingereza walihitaji mtu wa serikali wa kupitisha maandishi kabla ya kupigwa chapa. Sisi tulikuwa na Gunilla, aliyesimamia vyumba na mashine ya fotokopi. Alikuwa mwanamke mpole, hajui Kiswahili hata salamu, na mashine ilikuwa ya nyenzo za masomo tu. Akainua Mjumbe wa Rågsved, akakugeuzia, akauliza kwa Kiswidi, “Hii ni historia?”

“Itakuwa, Gunilla,” ukamjibu. “Ipe muda kidogo.”

Akatuomba tuweke maswali ya kujadili mwishoni, kama nyenzo zote za masomo. Tukatii. Langu la kwanza lilikuwa: “Je, Mwenyekiti amesahau katiba ya chama, au hajawahi kuisoma?” Lako lilikuwa: “Je, yupo aliyewahi kumwona mwanamke wa Hallunda akimeza mate?” Gunilla akagonga muhuri.

Sasa niseme jambo ambalo kamati inadhani halimo katika karatasi zetu. Anselmi anaogopa ugomvi, na mtu aliyetoka tulikotoka ana haki ya kuuogopa. Wewe uliuogopa kuliko yeye. Nakumbuka siku tuliposoma vijitabu vya mauaji ya Ireland. Watu waliuawa kweli kule, lakini vijitabu vya London vilikuza hesabu, vikaongeza watoto waliochomwa kwenye mikuki, kimoja kikinakili kingine, hadi msomaji akaamini kwamba ng’ambo ya maji hakuna binadamu bali wanyama. Kisha yakaenda majeshi, na majeshi yaliyoamini hivyo yakafanya yaliyofanya. Ulikuwa unasoma kwa sauti. Ukavua miwani katikati ya sentensi.

“Hiki nakijua,” ulisema. “Niliwasikia majirani zangu wakiitwa majina ya wanyama redioni. Baada ya hapo nikayasikia njiani.”

Hakuna aliyegusa kahawa. Ni wewe uliyerudi kwenye karatasi, ukachukua kijitabu kimoja cha Bunge kinachojibu kile cha Mfalme, ukatuonyesha kwa kidole. “Tazameni huyu anavyofanya. Kwanza ananakili alichosema adui yake. Kisha anakipiga. Kwanza anakiweka hapa, kizima, halafu ndiyo anapiga. Huyu ana matusi mengi, lakini bado anamsikiliza mtu.” Ukageuza ukurasa. “Na yule wa Ireland hakunukuu hata neno moja la Mwayalandi. Hata moja. Mnyama hana maneno ya kunukuu.”

Ukaniambia mbele ya wote, “Shemeji, tutagombana mpaka uchoke. Lakini sheria moja: nukuu kwanza, kwa ukamilifu, kwa usahihi. Ukishaweka maneno yangu mezani, nipige utakavyo.”

Nikakupa mkono. Mama wa Bukavu akawa shahidi. Na ukaongeza jambo ambalo siku ile nililiona la kuchekesha tu: kwamba wako watu wa London ambao hawakuweza kamwe kukipata kijitabu cha Mfalme, na bado walikisoma, kipande kwa kipande, ndani ya kijitabu cha adui yake. “Adui alimbebea mzigo hadi mlangoni,” ulisema. “Bure!”

Nimeutii mkataba ule, shemeji. Wewe uliutii pia, isipokuwa Jumapili moja, na sasa tufike kwenye pilau.

Tulikuwa tumesoma habari za vijitabu bandia. Kijitabu kikipata wasomaji, mtu mwingine anachapa chake kwa jina lile lile, namba ile ile, na kuanzia hapo kila mmoja anaapa kuwa ndiye wa kweli. Tulikuwa tumesoma pia habari za yule mbwa mweupe wa mpwa wa Mfalme, uliyempenda kuliko Mfalme mwenyewe. Kijitabu kimoja kilidai kwamba mbwa yule ni mchawi, anadaka risasi kwa meno, na anajua kesho kutakuwa na nini. Ulitueleza kwamba huenda watu wa Mfalme wenyewe ndio waliokoleza mzaha ule, kuwacheka wepesi wa kuamini. Nikasema, “Nani angeamini upuuzi kama huo?” Ulikoroga kahawa yako tu, na mimi sikushtuka.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kazini, kulikuwa na chakula cha wageni shuleni. Mlangoni pa kanisa kikagawiwa Mjumbe wa Hallunda ambacho sikukiandika mimi. Kichwa kile kile, mchoro ule ule wa tarumbeta niliouchora kwa mkono wangu. Ndani yake mimi nawaomba radhi wote niliowakosea kwa kalamu, mmoja mmoja, na kwa kuthibitisha toba yangu nawakaribisha wanachama wote na familia zao kula pilau kwangu Hallunda, Jumamosi, saa saba mchana.

Mtu wa kwanza kunipigia simu alikuwa mchungaji. Alinipongeza kwa unyenyekevu. Nikadhani amekosea namba.

Jumamosi kengele ikalia. Nikafungua nikiwa na kitambaa kichwani na ufagio mkononi. Mbele yangu mzee mmoja wa Märsta, mkewe, watoto na sufuria tupu ya kubebea masalio. Walikuwa wamepanda treni mbili.

“Tumekuja,” akasema mzee.

“Karibuni, baba. Mmekuja kwa jambo gani?”

“Pilau.”

“Pilau gani?”

“Binti, nimesoma mwenyewe gazetini,” akasema, akanionyesha karatasi. “Na mimi nimekusamehe. Ile ya kusema nasinzia kwenye mikutano, imekwisha.”

Nyuma yake lifti ilikuwa inafunguka tena. Nikaona familia ya pili, na ya tatu, na mama wa Bukavu na chupa ya soda chini ya kila kwapa. Nikaapa kwamba sikuandika mimi, ni karatasi ya bandia, ni hila ya Rågsved! Mzee akanitazama kwa huruma, akamwambia mkewe, “Ameanza tena.”

Halafu ukatokea wewe kwenye ngazi, unahema, gunia la mchele begani, Dada Stella nyuma yako na ndoo ya nyama iliyokwisha kukatwa, na Inesi amebeba vitunguu. Ulikuwa umefikiria kila kitu. “Shemeji,” ulisema kwa sauti ya padri, “nimesikia umetubu. Nimekuja kukusaidia kumenya vitunguu.”

Nilikupiga na ufagio, na watu wote ni mashahidi. Kisha tukapika. Tulikaa mpaka kwenye ngazi za jengo, na jirani yangu Mswidi, aliyekuwa hajanisalimia tangu nihamie, akaja kulalamikia kelele akaondoka na sahani. Anselmi naye alikuja. Alikula sahani mbili, akiwa amekaa kati yangu na wewe kwenye kochi dogo, na huko ndiko alikokubali kuitisha mkutano mkuu. Alisema kama watu wanaweza kujaa ngazi kwa ajili ya pilau, labda wanaweza kujaa ukumbi.

Walijaa. Walikuja kuona nani atashinda, Mfalme au Bunge, na wengine walisimama. Anselmi akagombea, akachaguliwa tena kwa kura za haki, na sherehe ikapangwa iende kwa zamu, mwaka huu Rågsved, mwaka ujao Hallunda. Waingereza walifikia kumkata Mfalme wao kichwa. Sisi tulimpa kipindi cha pili na chombo cha masalio. Ukaandika kwamba ni vita vya kwanza ulivyowahi kuona vikiisha kwa mdalasini.

Nami Jumapili iliyofuata nikatoa Mjumbe wa Kweli wa Hallunda. Nikanakili ile bandia yako yote, toba yangu ya uongo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha nikaipiga sentensi kwa sentensi. Ukajibu kwa Mjumbe wa Kweli Zaidi wa Rågsved. Tukaendelea. Mkutano mkuu ulishapatikana, lakini kulikuwa na ratiba ya chumba cha kufulia, na swali la Kiswahili cha nani wafundishwe watoto, cha Bujumbura au cha Kigoma, na kama ugali unaruhusiwa kuliwa kwa uma. Tuliendelea mpaka ulipougua. Toleo langu la mwisho nilikuletea hospitali. Ulilisoma lote kwa kidole, nikangoja machozi au baraka, nawe ukasema, “Mstari wa tatu umeninukuu vibaya. Nilisema ‘mpumbavu kiasi’, sikusema ‘mpumbavu’.” Nikasahihisha kwa kalamu pale pale kitandani. Ukafumba macho, umeridhika.

Sasa sikia yaliyotokea baada yako.

Karatasi zako ulizihifadhi kwenye maboksi katika stoo ya chini ya jengo lenu. Bomba likapasuka. Dada Stella aliposhuka, Mjumbe wa Rågsved alikuwa uji. Kompyuta yako ilikuwa imeshakufa kabla yako. Kamati ikatafuta maandishi ya kuweka kwenye kitabu cha kumbukumbu, ikapata hotuba moja ya siku ya uhuru, mazoezi ya sarufi uliyowatungia watoto wa shule, na shairi la siku ya kuzaliwa ya Mwenyekiti ambalo, kusema kweli, ni baya.

Ndipo walipokumbuka kwamba mimi ninayo matoleo yangu yote, na kwamba ndani ya kila toleo umo wewe, umenukuliwa kwanza, kwa ukamilifu, kwa usahihi. Nilikubebea mzigo, shemeji. Miaka yote ile nilidhani nakupiga.

Anselmi alikuja kwa Dada Stella nami nikaitwa. Tukakaa jikoni kwenu, Inesi akatengeneza chai. Amekuwa mkubwa, anasoma chuo, na ana paji lako la uso.

“Dada,” Anselmi akaniambia, “tunahitaji karatasi zako. Tutachukua maneno ya marehemu. Yako tutayaacha.”

“Mtayakata?”

“Tutayachambua.”

“Kama dagaa? Mnatupa kichwa, mnabaki na mwili?”

“Usianze. Fikiria watoto. Tumetoka mbali, Warundi, Wakongo, Watanzania, tumekaa pamoja kwa amani. Wasome kwamba tulitukanana?”

Simchukii kwa swali hilo. Ni swali la mtu anayependa chama chake. Lakini mjibu wewe, kama unaweza, kutoka huko uliko: kila ukurasa wako unaanza na neno “Uongo!” Uongo wa nani, kama mimi sipo? Wakinikata mimi, wewe unabaki mtu anayefoka peke yake chumbani. Wakikata na kufoka kwako, unabaki shairi la siku ya kuzaliwa.

Dada Stella alikuwa ananyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, hivi na hivi. “Mdogo wangu,” akasema, “ni kitabu cha msiba. Nataka kiwe na heshima.”

Hapo Inesi akaongea, kwa Kiswidi, kama kawaida yake anapotaka kusema jambo la moyoni. Alisema kwamba kila Jumapili jioni baba yake alikuwa akiketi kwenye kiti kile kile alichokalia Mwenyekiti, anasoma Mjumbe wa Hallunda kwa sauti, anacheka mpaka miwani inaingia kwenye chai, kisha anapiga kelele, “Nipeni kalamu, nimmalize!” Alisema hizo ndizo sauti anazokumbuka za nyumba yao. Halafu akabadili, akanigeukia kwa Kiswahili chake cha kukwaruza: “Mama mdogo, usiwape bila wewe.”

Anselmi akatazama kiti alichokalia.

Kisha Dada Stella akasema polepole, “Lakini ile ya jeneza la ulimi lazima ibaki.”

“Ya jeneza?” nikasema. “Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote!”

“Najua,” akasema dada yangu wa tumbo moja. “Ile nilimtungia mimi.”

Deo! Miaka yote ile! Nilikesha nikiijibu! Nimemsimamia mama huyu arusi yake! Anselmi alicheka kwanza, shemeji, alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na mjane wako akacheka, na hapo nikajua kwamba kazi ya mtani imefanyika, ijapokuwa kwa kuchelewa, na si mimi niliyeifanya.

Nakukosa. Nafungua gazeti asubuhi, nakuta upuuzi uliokomaa kabisa, nageuka kutafuta wa kumrushia, nakuta sufuria tu. Watu hunikubalia siku hizi. Wananiambia, “Kweli kabisa, dada,” na kuondoka. Hujui ilivyo baridi. Lakini sina huzuni ninapozishika karatasi zile, maana popote ninapofungua unanidakia kabla sijamaliza, na bado sijakushinda kwenye suala la ugali na uma. Lala salama, Mfalme wangu wa kuazima. Ulikuwa mpinzani mwenye heshima, na mpumbavu kiasi.

Sasa ninyi wengine.

Ninyi wa kamati mnaokutana Jumamosi hii: karatasi zangu nitazileta mwenyewe, na mkasi sitaki kuuona mezani. Chapeni kurasa nzima, yeye na mimi, tusi na jibu, pamoja na toba yangu ya bandia. Wewe, Mwenyekiti, futa ile dibaji. Andika nyingine, na ianzie kwenye kochi lile dogo, kati yetu wawili, sahani ya pili mkononi.

Na ninyi mliohama na Mjumbe wa Rågsved bila kujua: mama wa Bukavu uliyetandika kurasa zake kwenye kabati la vyombo, mzee wa Märsta uliyezifungia vikombe. Fungueni maboksi. Kunjueni. Hata kama imeingia mafuta, hata kama ni nusu ukurasa, hata kama nusu hiyo inanitukana mimi tu. Leteni.

Shemeji yako,
bata mzinga wa Hallunda